Nyota Hazikuhusika

Lusungu mama,

Umeshuka asubuhi kwenda kusukwa kwa yule dada Mkongo wa jengo la pili, na umeniambia nisikutarajie kabla ya saa nane mchana. Kwa hiyo meza ni yangu kwa muda. Mabegi yako yako mlangoni, tiketi ya kwenda chuo Halifax umeibandika kwenye friji kama vile mimi ndiye ninayesafiri kesho.

Habari za koti, za kula vizuri na za kufunga mlango nimeziacha. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kutumia zile mashine mpya za kufulia, sina cha kukuongezea hapo. Nina jambo moja, nalo ni langu. Naliandika kwa Kiswahili, ingawa najua kukisoma kunakupa taabu, kwa sababu uongo wenyewe nilikuambia kwa Kiswahili. Soma polepole.

Unajua kwamba nilifundisha fasihi ya Kiingereza katika sekondari moja ya Iringa. Usichojua ni jinsi nilivyozipenda zile tanzia za Waingereza za zama za Malkia Elizabeti wa Kwanza. Wenzangu walizifundisha kwa sababu zilikuwa kwenye mtaala. Mimi nilizikariri. Nilitembea na mistari yake kwenye baiskeli. Ile mistari maarufu hasa, ambayo hata mtu asiyemaliza shule ameisikia mahali: wapenzi wanaosema nyota ziliwakataa kabla hawajaonana, mtu aliyeua kwa mkono wake mwenyewe analia kwamba bahati imemchezea. Imo pia mistari inayosema kinyume, kwamba makosa ni yetu wenyewe na mbingu hazina habari nasi. Hiyo niliifundisha haraka haraka, kwa sababu tu ilikuwa inatoka kwenye mtihani.

Mwaka niliokutana na mama yako, tulikuwa tunaigiza mojawapo ya tanzia hizo na wanafunzi wa kidato cha tano. Editha alikuwa amehamishiwa kwetu kufundisha jiografia, na mkuu wa shule akamkabidhi mavazi ya mchezo kwa sababu alikuwa na cherehani. Siku ya kwanza ya mazoezi alikaa pembeni na kitambaa cha pazia mapajani, pini mdomoni, anatazama tu. Tulipopumzika akaniita.

"Mwalimu, huyu binti anakufa kwa sababu gani hasa?"

"Kwa sababu ya nyota," nikamjibu.

"Nyota gani?"

Nikamsomea mistari. Nilikuwa na sauti nzuri, na nilijua ni nzuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa pini mdomoni.

"Maneno mazuri sana. Ila hawa watoto wangekaa na wazazi wao jioni moja tu wakasema ukweli, mchezo ungeisha ukurasa wa ishirini."

Nilicheka mpaka wanafunzi wakageuka. Baada ya hapo nilikuwa natafuta sababu za kupita karibu na cherehani ile. Miezi kumi baadaye wazee wangu walikwenda kwao kuposa, wakakubaliwa. Jioni ile nilimwambia kwamba mimi na yeye tuliandikiwa. Akasema, "Mimi sijaandikiwa. Nimekubali." Niliona ni utani wa mchumba. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ananirekebisha.

Ulipokuwa na mwaka mmoja nilipata ufadhili wa kusoma hapa Toronto. Nikakuacha na mama yako, nikaja peke yangu, nikapanga chumba mtaa wa Jane na Finch pamoja na wanafunzi wengine wawili. Mwisho wa mwaka wa kwanza nilifeli. Hakukuwa na ugonjwa wala njama. Nilizoea kuwa mtu anayejua mistari mingi kuliko wote chumbani, na pale chuoni hakuna aliyetaka mistari. Walitaka nifikiri, nami nikasoma kwa sauti nzuri. Ufadhili ukakatwa. Nikapata kazi ya usafi katika chuo kilekile, kwenye jengo la idara ya lugha.

Nilimwandikia mama yako, "Niko chuo kikuu, idara ya lugha." Hiyo ndiyo sentensi niliyoitumia kwa miaka mitatu. Ukiitazama vizuri haina neno hata moja la uongo. Niliipanga hivyo makusudi. Yeye kule akawaambia watu mume wake anafundisha Kanada, nami sikumsahihisha. Nilikuwa nafagia korido, nasikia kupitia mlango mhadhiri akieleza mistari ileile niliyoifundisha Iringa, na ninakumbuka nilisimama na fagio nikaona kwamba anaikosea.

Mlipofika, wewe ulikuwa na miaka mitano. Nilidhani nitapata siku ya kumwambia. Zilipita Jumapili sita. Ya saba, baada ya ibada ya Kiswahili, tukiwa kwenye chai, mama mmoja Mkenya alimsalimia Editha kwa furaha.

"Karibu sana Toronto! Na mzee wako bado anafanya ule usafi pale chuoni? Amwambie bwanangu, anatafuta kazi kama hiyo."

Hakuwa na nia mbaya. Mama yako akatabasamu, akasema atamwambia. Kwenye basi alikupakata, akawa anatazama dirishani. Nyumbani akakuvua viatu, akakuwekea katuni, akafunga mlango wa jikoni.

"Kufagia si neno," alisema. "Kwetu nani hajafagia? Ninachokuuliza ni kingine. Hii miaka mitatu nilikuwa naongea na nani?"

Nikamwambia mambo yalivyokwenda. Nikamwambia bahati haikuwa upande wangu.

"Bahati ndiyo iliyoshika kalamu?"

Hapo ndipo ningesema, "Nilidanganya kwa sababu nilitaka uendelee kunistahi." Ni sentensi fupi. Nilikuwa nayo kichwani, maneno yote yalikuwepo. Badala yake nilinuna, mimi niliyedanganya, siku nne nzima, mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza nile.

Hakuondoka kwa sababu ya hilo. Nataka ulijue. Alipata kazi ya kuhudumia wazee, akaanza masomo ya jioni ili siku moja afundishe tena. Tukahamia hapa Malvern. Ulikuwa unamkimbilia kituo cha basi kila jioni na yeye alikuwa anajifanya hakuoni. Kwa nje tulikuwa sawa. Kwa ndani nilikuwa namwogopa, kwa sababu alinijua. Kila alipouliza swali la kweli nilimjibu kwa jambo nililolisoma mahali. Alikuwa akingoja nimalize, halafu anaendelea kukunja nguo.

Ulipokuwa na miaka minane, bibi yako aliugua. Mama yako akaenda Iringa peke yake kwa sababu wewe ulikuwa shuleni. Ilikuwa iwe miezi miwili. Bibi alikaa kitandani miezi mitano, akafariki. Haya unayajua. Unajua pia kwamba mama yako hakurudi. Ninalokuandikia ni la katikati.

Wiki tatu baada ya mazishi alinitumia barua. Tulikuwa tukipigiana simu, lakini mwanzoni kabisa aliandika, "Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanisomea." Halafu akasema hivi, na ninainakili kutoka kwenye karatasi yake mwenyewe:

"Nimemzika mama. Sijui kama ninarudi kwa mume au ninarudi kwenye nyumba tu. Niambie neno lako mwenyewe, usilolitoa kwenye kitabu. Ukisema njoo, nitakuja. Ukinyamaza, nitaelewa. Na ukinyamaza, basi mlete Lusungu likizo ya Julai, nimwone, tukae mimi na wewe kama watu wazima tuamue mtoto atakaa wapi. Usimnyamazie na yeye."

Barua ilifika mwezi wa Aprili. Niliisoma nimesimama kwenye masanduku ya barua pale chini, na nilipopanda juu ulikuwa unachora. Uliniuliza hiyo barua ni ya nani, nikasema ni ya kazini.

Niliandika majibu manne au matano. Yote yalikuwa mazuri. Yote yalikuwa na nyota, na njia za watu wawili, na mkono usioonekana. Nilijua atakavyoyasoma, na pini mdomoni. Sikutuma hata moja. Neno lenyewe lilikuwa "njoo," au kama nisingeweza hilo, "nisamehe." Sikuliandika. Nilijiambia kwamba kama ameandikiwa kurudi, atarudi, na kama hakuandikiwa, barua yangu ingefanya nini? Nilijisikia mtu mwenye busara kwa kuwaza hivyo. Nilikuwa na hofu tu, Lusungu. Nilikuwa mtu mzima anayeogopa kuandika neno la herufi nne.

Julai ikaja. Sikukupeleka. Ulikwenda kambi ya kuogelea ya mtaa, ukajifunza kupiga mbizi.

Siku moja mwezi wa Agosti ulikuja jikoni na nywele mbichi, ukaniuliza, "Baba, mama anarudi lini?" Wakati huo ulikuwa bado unanijibu kwa Kiswahili.

Nikasema, "Haikuandikwa, mama."

Ukafikiri kidogo. Ukauliza, "Nani hakuandika?"

Nikakupa juisi.

Miezi michache baadaye mama yako alipiga simu wewe ukiwa shuleni. Hakuuliza kuhusu barua. Aliuliza, "Umemwambia mtoto nini?"

"Kwamba haikuwa bahati yetu."

"Kwa hiyo anadhani nimemwacha."

"Hajasema hivyo."

"Sijakuuliza alichosema."

Nikamwomba asikuambie. Nilisema wewe bado mdogo, nilisema itakuchanganya, nilitoa sababu zote ambazo mtu hutoa. Aliniacha nizimalize. Halafu akasema, "Anakula kwako, analala kwako. Mimi ananisikia Jumapili. Nikimharibia baba yake kwa simu, atabaki na nani huko? Sitasema. Lakini siku atakapoondoka nyumbani kwako, utasema wewe. Uniahidi." Nikamuahidi. Kwa nini hakuja kukuchukua mwenyewe? Nilimuuliza hilo miaka ya baadaye. Vibali vyake vya kuingia Kanada vilikuwa vimekwisha muda, na mtu wa kuanzisha makaratasi upya alikuwa mimi.

Basi ukakua. Jumapili alipopiga, ulikuwa unaongea naye nusu saa, kisha dakika kumi, kisha ukawa unasema "fine, fine" na kunirudishia simu. Ulipokuwa na miaka kumi na mitano alikualika Iringa kwa Krismasi. Ulimjibu kwa Kiingereza, nami nilikuwa nakata vitunguu, nikasikia: kwa nini niende kwa mtu ambaye hakuja? Nilipoichukua simu, sauti yake ilikuwa ya kawaida. Aliniuliza kama umekua kunizidi urefu. Nikasema bado kidogo.

Hapo pia nilikuwa na nafasi. Nakutajia nafasi zote kwa sababu sitaki ufikiri ilikuwa moja, ikanipita.

Nafasi nyingine ilikuwa darasa la kumi na moja, mlipopewa tanzia ya Kiingereza cha kale mkaisome. Ulikuja hapa mezani umekasirika, ukasema lugha yake haieleweki. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikueleza mistari saa mbili nzima, nikakusomea kwa ile sauti, ukacheka, ukaniuliza kwa nini sikuwa mwalimu hapa. Wiki iliyofuata uliacha insha yako kwenye kochi. Nikaisoma. Ulikuwa umeandika kwamba kila mtu katika mchezo ule anayetaja nyota ameulizwa swali sekunde chache kabla, na hakutaka kulijibu. Ulikuwa umehesabu mahali hapo, ukaonyesha kurasa. Mimi niliufundisha mchezo huo miaka sita na sikuwahi kuliona hilo.

Uliporudi nikakusifu. Nikasema insha ni nzuri, lakini labda umekuwa mkali kidogo, maana yapo mambo ambayo watu hawawezi kuyazuia. Ulikuwa unavua buti. Ukasema, bila hasira, kwa Kiingereza: kama Mama, sivyo? Mnasema haikuandikwa. Hakuna cha kuandikwa, Baba. Aliondoka tu. Ni sawa, watu huondoka.

Nikanyanyuka nikaenda kuosha vyombo. Vilikuwa vikombe viwili.

Nimejaribu kuelewa kwa nini mistari ile ilinikaa hivyo, na nimepata jibu moja ambalo si la heshima. Mtu anayesema maneno mazuri kuhusu majaliwa huonekana ameumia kuliko wengine. Watu humhurumia. Kanisani walinihurumia miaka mingi, baba anayelea binti peke yake, mke amebaki nyumbani. Waliniletea maandazi. Nami nilikula. Kule Iringa watu walimuuliza mama yako amewezaje kumwacha mtoto ughaibuni, naye alikaa na swali hilo bila kumpa mtu jibu, kwa sababu alikuwa ameniahidi mimi. Kama unatafuta mapenzi katika habari hii, Lusungu, yalikuwa pale. Hayakuwa na mashairi.

Sikuambii haya ili yakufundishe jinsi ya kuchagua mwenza. Utachagua vizuri au utakosea, na utajua mwenyewe. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichokiona kwangu: kila mara nilipotaja bahati, palikuwa na neno moja dogo nililotakiwa kusema, na nilikuwa nalijua. Sikumbuki hata mara moja ambayo sikulijua.

Jumapili iliyopita, ulipokuwa kwa rafiki zako, nilimpigia mama yako. Nilimwambia unaondoka, na kwamba nitatimiza ahadi. Nilimwambia pia, "Editha, nilipokea barua yako Aprili. Nilitaka uje. Niliogopa. Nisamehe." Imechelewa miaka tisa. Hakuolewa tena, na wala hakunisubiri. Ana nyumba ya bibi yako, ana wanafunzi wake, ana kuku wanaomsumbua. Aliniambia, "Asante kwa kusema." Kisha akasema, "Sasa mwambie mtoto. Atakasirika. Usimzuie asikasirike, na usimweleze kwa nini ulifanya. Mwambie ulichofanya."

Nimekueleza kidogo kwa nini, naona. Hilo nalo nisamehe.

Barua yake ya Aprili nimeiweka nyuma ya hii. Ni karatasi mbili. Ya pili inakuhusu wewe peke yako, kuhusu jino lako la mbele na wimbo uliokuwa unamwimbia kwenye basi, na sijainakili kwa sababu si yangu. Ilipaswa kukufikia ukiwa na miaka tisa.

Ukirudi nitakupa zote mbili mkononi, halafu nitashuka chini na kapu la nguo nikuachie nyumba. Ukitaka kunipigia kelele, chumba cha kufulia unakijua. Ukitaka kwenda Halifax bila kusema na mimi, nitakubebea mabegi mpaka kwenye teksi nikiwa nimenyamaza. Lakini saa nane ya hapa ni saa tatu ya usiku Iringa, na mama yako halali kabla ya saa nne. Hakukuacha, Lusungu. Aliomba aletewe mtoto wake, na mimi sikumjibu. Mpigie yeye kwanza.

Baba yako,
aliyefanya haya mwenyewe.